Barua ya wazi kwa waliotafuta tupa ndani ya mkate wangu

Kwa Mkurugenzi wa Vipindi,
na Wajumbe wa Kamati ya Kupitia Nyimbo,
Redio inayosikika hapa Tanga na vijiji vya jirani.

YAH: KUONDOLEWA HEWANI KWA WIMBO WANGU WA "PAA"

Ndugu Mkurugenzi na waheshimiwa wajumbe,

Husikeni na kichwa cha habari hapo juu.

Mimi ni mtunzi wa mashairi ya taarabu. Siimbi, sauti yangu iliisha zamani kwa kupiga vigelegele vya arusi za watu. Ninatunga tu, wengine wanaimba. Nje ya barua hii, Mkurugenzi, ningekuita mwanangu, na wewe hunipokea kwa "shikamoo shangazi" tukikutana sokoni. Lakini shangazi ameandika barua mbili, moja aliipeleka mwenyewe mapokezi ikagongwa muhuri, ya pili alimpa kijana wa bodaboda, na zote mbili zimelala. Nilipopiga simu niliambiwa nisubiri kikao. Vikao vitatu vimepita. Kwa hiyo leo naandika mbele ya watu, na ninakuita kwa cheo chako.

Kwa wasioujua mkasa, wimbo wenyewe ulipigwa kwenye kipindi cha usiku wa Alhamisi kwa wiki tatu, kisha ukanyamaza. Nilimuuliza mtangazaji kulikoni. Akashusha sauti, utadhani tuko msibani, akaniambia: "Shangazi, wimbo una mtu ndani." Nikacheka. Nyimbo zangu zote zina mtu ndani, nikamwambia, zisingekuwa na mtu ningezitungia nini? Yeye hakucheka.

Ubeti unaosemwa una mtu ndani ni huu:

Paa lavuja mvuani, wapaka rangi ukuta,
Sufuria kitandani, matone twayafuata,
Fundi mkuu yu ndani, alala, ndoto apata,
Kodi waitaka lini, na hali sote twatota?

Huo ndio ubeti mzima. Kamati imekaa, imeusoma, na kwa mujibu wa mjumbe mmoja aliyenitumia ujumbe kwa simu, imeona kwamba nyumba ni nchi, rangi ni kampeni, kodi ni kodi, na fundi mkuu ni mtu ambaye mjumbe hakuthubutu kumtaja hata kwenye ujumbe. Aliweka nukta nyingi. Nimezihesabu, ziko tisa.

Sasa niweke malalamiko yangu moja moja, kama mlivyozoea kusoma maofisini.

1. Mmeadhibu tafsiri yenu, mkamwandikia adhabu mtunzi.

Nina haki ya kujua fundi mkuu ni nani katika wimbo wangu, kwa hiyo niwaambie. Nimepanga Makorora katika nyumba ya vyumba sita. Mwenye nyumba ana mpwa wake, seremala, anayeishi chumba cha uani bila kulipa kodi kwa makubaliano kwamba atakuwa anatengeneza kinachoharibika. Huyo kijana anajiita Fundi Mkuu. Ameandika hivyo kwa rangi nyekundu kwenye mlango wake. Masika yaliyopita paa lilivuja juu ya kitanda changu siku nne mfululizo, mwenye nyumba akaleta ndoo mbili za rangi akapaka ukuta wa mbele kwa sababu ya wageni wa Idi, na Fundi Mkuu akalala. Sikubuni hata sufuria.

Na aliyeligangua fumbo hilo mbele ya wote ni mwenye nyumba mwenyewe. Aliusikia wimbo kwenye baraza ya kahawa, akanyamaza, akamaliza kikombe chake. Jumamosi iliyofuata alikuja na mabati matatu na kilo ya misumari. Hakuniuliza lolote. Wahenga waliposema fumbo mfumbie mjinga, mwerevu huligangua, walimaanisha mtu kama yule. Hawakuendelea kusema kwamba mwerevu akishaligangua amfungie mlango mfumbaji.

2. Mmenitaka niandike "barua ya ufafanuzi" kueleza kila mstari unamaanisha nini.

Hili ndilo lililoniuma kuliko yote, na hapa nitakaa kidogo.

Sisi watu wa pwani tumelelewa na mafumbo. Mke mwenza hutukanwa kwa kanga, jirani hujibiwa kwa kanga, na hakuna aliyewahi kuitwa baraza la kata kueleza maandishi ya upindo wake. Mshairi Muyaka bin Haji alikuwa Mombasa akitunga juu ya vita vya Wamazrui, watawala wa mji ule, na Sultani Seyyid Said, na mpaka leo wasomi wanabishana mstari upi ulimlenga nani. Siti binti Saad, mwimbaji wa taarabu wa Unguja aliyekwenda Bombay mwaka 1928 kurekodi santuri za kwanza za kwetu, aliimba kisa cha Kijiti: mgeni kutoka bara ameuawa Unguja, muuaji akatoroka, na waliojitokeza kutoa ushahidi ndio wakatiwa jela. Kwenye wimbo ule hakuna mstari unaosema "serikali ya kikoloni haina haki." Hauhitajiki. Ukishasimulia nani kakimbia na nani kafungwa, msikilizaji anamaliza mwenyewe akiwa njiani kwenda nyumbani.

Hapo ndipo penye siri ya kazi yetu, na ndipo mnapotaka niharibu. Fumbo halina mwenyewe mmoja. Nusu ninalo mimi, nusu analo anayesikia. Mkinidai nieleze nusu yangu kwa maandishi, yenye sahihi na tarehe, nitaeleza: ni sufuria. Lakini mnachotaka hasa ni nusu ya pili, ile ya msikilizaji, na hiyo sina. Kamwulizeni yeye.

Tena niwe mkweli, maana sitaki kesho mseme shangazi alijificha nyuma ya paa. Wimbo ulipoimbwa mara ya kwanza arusini Pangani, ulipofika "fundi mkuu yu ndani", wanawake walicheka kicheko kilichozidi sufuria. Nilikuwa nimekaa karibu na kinanda, nikakisikia. Nikajua wimbo umetoka Makorora na umeshafika mbali. Sikuwakataza, wala sikusimama kuwaambia jamani ni mpwa wa mwenye nyumba. Waliinuka wakatunza, noti zikaanguka, na mwimbaji akaurudia ubeti mara tatu. Kama hilo ni kosa, basi kosa langu ni kutoingilia kicheko cha watu wazima.

3. Marekebisho mliyopendekeza ni mabaya kuliko wimbo.

Mjumbe wenu alinitumia mstari mbadala. Aliandika: "Fundi mkuu kazini, nyundo yake ameshika." Kwanza, mmeniharibia kina. Ubeti wote unafunga kwa "-ta", ninyi mmeniletea "-ka", na mwimbaji yeyote wa Tanga akifika hapo atajikwaa kama amekanyaga kifuu. Lakini la kina ni dogo. Hebu usomeni ubeti wote na mstari wenu ndani yake. Paa linavuja, sufuria iko kitandani, watu wametota, na fundi mkuu yuko kazini na nyundo mkononi. Ndugu zangu, huo sasa ndio mpasho, kijembe chenyewe! Mimi nilimsingizia usingizi tu, ninyi mmesema yuko macho na bado panavuja. Ningeutuma huo kwa mwimbaji, ukumbi ungevunjika. Nimeuacha kwa heshima yenu.

4. Hamtaji aliyelalamika.

Nimeuliza mara tatu. Kama ni msikilizaji, aliandika nini? Kama ni mkubwa fulani, alisema kwa barua au kwa simu? Kama hakuna aliyelalamika, basi kamati yenyewe ndiyo ya kwanza kusikia jina la mtu huyo kwenye wimbo wangu, na mngepaswa kujiuliza kwa nini mkisikia paa linavuja mnamkumbuka yeye.

Najua mtakayonijibu, kwa sababu yote nimeshayasikia vipande vipande kwenye simu na kwenye ngazi za ofisi yenu.

Mtasema mnalinda leseni. Leseni ni mali, na sina nia ya kuona vijana wenu wanakosa mishahara kwa sababu ya beti zangu. Lakini hofu ya adhabu si kanuni. Kumbukeni Machi 2017. Msanii Nay wa Mitego alitoa wimbo wa "Wapo", polisi wakamkamata, BASATA, yaani Baraza la Sanaa la Taifa, ikaufungia wimbo. Muda si muda Waziri Harrison Mwakyembe akatangaza kwamba Rais Magufuli ameagiza msanii aachiwe na wimbo upigwe, tena kwamba msanii auboreshe kwa kuongeza na wengine, wakiwemo wakwepa kodi. Wimbo ulikuwa ule ule, haukubadilika hata neno. Asubuhi ulikuwa matusi kwa serikali na baadaye ukawa mchango kwa serikali. Vituo vilivyokuwa vimeutoa vikaurudisha mbio mbio. Mimi sipendi sana wimbo ule kwa upande wa ufundi, nasema kama mtunzi, lakini somo lake kwa kamati kama yenu ni zito: mlipokuwa mnadhani mnasoma mashairi, mlikuwa mnakisia uso wa mkubwa. Na uso wa mkubwa mlikosea kuukisia.

Mtasema wimbo unaweza kuleta uchochezi. Hapa nawaomba mrudi kwa Fumo Liongo, shujaa na mshairi wa kale, ambaye kila mtoto wa Kiswahili amesimuliwa habari zake. Alipofungwa, alimwimbia kijakazi Saada ujumbe wa kumpelekea mama yake: mama aoke mkate, na ndani ya mkate aweke tupa, kile chuma cha kukerezea. Mama akatengeneza mikate mizuri na mmoja wa wishwa, yaani pumba, tupa akaificha humo. Walinzi wakala mizuri, wishwa wakamwachia mfungwa. Usiku ngoma ikipigwa na watu wakiimba, yeye akawa anakata minyororo, na sauti ya tupa ikapotea katika kelele za ngoma. Hilo ndilo fumbo la hatari! Lilikuwa na maagizo, na aliyeagizwa alijulikana, na baada yake pingu zilikatika kweli. Wimbo wangu unamwagiza nani afanye nini? Mkate wangu mmeukata vipande, mmeupekua kikao baada ya kikao, na ndani mmekuta wishwa mtupu. Basi mmeamua kwamba wishwa nao ni chuma.

Mtasema, hata kama mtunzi hakukusudia, wasikilizaji watausikia hivyo. Hii ndiyo hoja yenu yenye nguvu, na sitaipita kwa dharau. Ni kweli nyimbo hupata maana ambazo mtunzi hakuzitia. Mwaka 2002 Kenya, Gidi Gidi Maji Maji waliimba "Unbwogable" kwa majigambo ya vijana wasiotishika, na ingawa walitaja majina ya wanasiasa kwa sifa, haukuwa wimbo wa chama. NARC, muungano wa vyama vya upinzani, ukaubeba mikutanoni, na kufika Desemba nchi nzima ilikuwa inauimba kuiaga KANU, chama kilichokuwa kikitawala. Watu walikuwa na hamu hiyo kabla ya wimbo, wimbo ukawapa pumzi ya kuitolea.

Au tazameni Congo. Mwaka 1966, baada ya Rais Mobutu kuwanyonga hadharani wanasiasa wanne, akiwemo aliyekuwa Waziri Mkuu Évariste Kimba, mwanamuziki Franco alitoa wimbo wa Kikongo juu ya Luvumbu mchawi, anayetoa watu wake kafara. Jina la Mobutu halimo. Ukapigwa marufuku. Sasa niulizeni: watu wa Kinshasa walijuaje mchawi ni nani? Walijua kwa sababu walisimama uwanjani wakaona miti ya kunyongea. Santuri ile ingekusanywa yote ikatupwa mtoni, miti ingebaki machoni mwao.

Kwa hiyo mkiniambia wasikilizaji wa Tanga wakisikia paa linavuja wanafikiria kitu kikubwa kuliko paa langu, mimi siwezi kubisha. Lakini hiyo ni habari ya wasikilizaji na mapaa yao, na ninyi ni chombo cha habari. Ningetarajia mtume mwandishi.

Na wapo watakaosema, shangazi, nyimbo za mapenzi ziko tele, kwa nini usitunge mapenzi? Natunga. Mwaka juzi mlipiga wimbo wangu wa mpenzi aliyeahidi na asirudi, mkaupiga mchana na usiku, na sijui kama kuna aliyewahi kujiuliza ahadi zile zilikuwa za nani. Natania. Zilikuwa za mwanamume wa Muheza.

Ninachoomba ni vitu vichache, na vyote viko ndani ya uwezo wa ofisi yenu.

Kwanza, uamuzi wa kuuondoa wimbo uandikwe kwenye karatasi. Utajwe mstari, itajwe tafsiri ya kamati kwa ukamilifu, pamoja na jina lililofichwa nyuma ya zile nukta tisa, na wajumbe watie sahihi. Mimi nimetia jina langu kwenye wimbo, na tafsiri nayo iwe na wenyewe. Kama hakuna mjumbe aliye tayari kuandika kwamba fundi anayelala ni fulani, basi tafsiri hiyo ifutwe na wimbo urudi Alhamisi.

Pili, kabla kamati haijatoa wimbo wowote wa mtunzi yeyote, imwite na kumsikiliza. Sisemi haya kwa ajili yangu tu. Wako vijana wa singeli na bongofleva wanaoletewa habari kama nilivyoletewa mimi, kwa kunong'onezwa kwenye ngazi, na wao hawana umri wa kuandika barua kama hii bila kuitwa watovu wa adabu. Wanachofanya ni kuanza kujikata ulimi wenyewe kabla hawajafika studio. Mmoja aliniambia siku hizi akitunga anaacha kabisa kutaja mvua. Mvua! Mtunzi wa Tanga asitaje mvua.

Tatu, mwache kudai barua za ufafanuzi. Kama wimbo ni mbaya, semeni ni mbaya, nitaukubali uamuzi wenu nikiwa nimenuna. Nimeshaambiwa hivyo mara nyingi na waimbaji, na mara nyingine walikuwa na haki. Ubeti wa tatu wa wimbo huu, kwa mfano, umelegea, na hakuna aliyegusia. Kamati ya kupitia nyimbo iliyoshindwa kuona ubeti uliolegea sijui inapitia nini.

Nne, nirudishiwe flashi yangu. Ina nyimbo nyingine sita ambazo si zenu, na mbili ni za kasida ya kikundi cha akina mama msikitini. Nisingependa nazo zisomwe kwa jicho hilo.

Ninatoa siku kumi na nne kuanzia leo. Zikipita kimya, nitaupeleka wimbo pamoja na mstari wenu wa marekebisho kwa kikundi chetu, tuimbe beti zote mbili, ule wa fundi aliyelala na ule wa fundi aliye kazini, kila mmoja achague unaomchekesha.

Nakuheshimu, Mkurugenzi, na nakumbuka kwamba ni wewe uliyepigania kipindi cha taarabu kisifutwe wakati wenye pesa walipotaka saa ile iwe ya matangazo ya dawa za nguvu. Ndiyo maana nimekuandikia wewe. Nilishauriwa niandike juu zaidi, nikakataa.

Wenu katika ujenzi wa taifa,

Mtunzi wa "Paa"
Makorora, Tanga

Nakala:
Mwimbaji na wapigaji wote wa kikundi.
Mtangazaji wa usiku wa Alhamisi, kwa taarifa, na pole.
Mwenye nyumba, kwa shukrani: chumbani hapavuji tena. Bati la jikoni bado.